Mashahidi Watatu, Kinywa Kimoja

Siku moja vijana watatu walikuja kwangu mimi kapita wenu, kusema mwenzao aliiba sabuni. Mashahidi watatu! Nilikuwa karibu kuandika jina lake kwa azabu. Kisha nikawauliza moja moja: "Wewe uliona kwa macho?" Wawili wakajibu: "Hapana, ni huyu alituambia." Kumbe ushahidi ulikuwa mmoja tu, na mwenyewe aliona mu giza.

Wenye kufanya hesabu za majaribio wanapata taabu ile ile. Wanakusanya majaribio mengi juu ya dawa ao njia ya kuponya, wanayaunganisha wapate jibu moja. Kazi hiyo Gene Glass wa Marekani aliipa jina meta-analizi mwaka 1976. Mwaka 1977 yeye na Mary Lee Smith walitoa hesabu juu ya kuponya taabu za moyo kwa maongezi: majaribio 375, lakini matokeo 833. Ginsi gani? Juu jaribio moja liliweza kupima woga, lipime tena ginsi mgonjwa anajiona mwenyewe, kwa watu wale wale. Woga ukipunguka, mara nyingi na ile ingine inakuwa muzuri. Kinywa kimoja kinasema mara mbili.

Tuhesabu kidogo, musiogope. Tuseme jaribio limetoa matokeo 4 yenye uzito sawa, na uhusiano kati yao ni 0,8 (1 ni kufanana kabisa). Gawanya 4 kwa 1 + 3 × 0,8, ni kusema 3,4. Unapata karibu 1,2. Matokeo ine yana nguvu ya moja na kipande! Mwenye kuyahesabu ine anajidai ana hakika, na daktari anamufuata, na mgonjwa anameza.

Basi tufanye nini? Wengine wanachukua tokeo moja tu toka kila jaribio. Mimi naona ni kumwanga chakula kizuri. Afazali kuchukua wastani, na kuupa uzito kwa kufuata uhusiano. Lakini uhusiano wenyewe mara nyingi haukuandikwa. Mwaka 2010 Hedges, Tipton na Johnson walionyesha njia ingine: kila jaribio ni jamaa moja, na mashaka yanapimwa kwa kuangalia ginsi jamaa zinaachana, hata kama uhusiano wa ndani haujulikane. Ila jamaa zikiwa chache, njia hiyo inaomba kurekebishwa.

Jina la yule kijana wa sabuni sikuliandika.