Jibini Yenye Matunda kwa Chakula cha Jioni



Mvua ikinyesha vizuri ng'ombe huongeza maziwa, na bei nayo hushuka. Mahali pengi gari la maziwa hupita asubuhi tu. Ya jioni yanabaki nyumbani: tunakunywa, ndama anapewa, jirani anapelekewa, na bado kunakucha kuna sufuria imeharibika. Sisi tulianza kuyageuza kuwa jibini laini na kuila na matunda usiku huo huo. Tunaeleza hapa jinsi tunavyofanya, na pale tulipokosea.

Jibini yenye matunda si jambo geni. Kule Uingereza kuna Stilton nyeupe inayotiwa aprikoti, na nyingine hutiwa embe na tangawizi. Lakini angalieni: matunda yao huwa yamekaushwa au yametiwa sukari nyingi. Tunda bichi lina maji, na jibini yenye maji huchacha upesi. Kwa hivyo yetu si ya kuweka. Ni ya kula leo.

Chukueni lita 5 za maziwa safi. Yapasheni polepole mkikoroga na mwiko yasishike chini, mpaka yaanze kupanda. Msiruke hatua hii ati kwa sababu ndimu itayagandisha hata hivyo. Moto ndio unaoua viini vya kifua kikuu na vya homa ya brusela, ambavyo hutoka kwa ng'ombe. Na kama ng'ombe amedungwa sindano ya dawa, maziwa yake msiyatumie mpaka zile siku alizosema daktari wa mifugo ziishe. Dawa haiondoki kwa kuchemsha.

Epueni sufuria, ngojeni dakika chache, kisha mtie maji ya ndimu kidogo kidogo mkikoroga taratibu. Nusu kikombe cha chai hutosha, au zaidi kidogo. Ukali wa ndimu hufanya protini ya maziwa ishikane na kubeba mafuta pamoja nayo. Mtaona mabonge meupe na maji ya rangi ya kijani-manjano. Maji yakiwa bado meupe, ongezeni ndimu. Acheni dakika 10, mwageni kwenye kitambaa cheupe cha pamba, mfunge na kukitundika kama saa moja. Mtapata nusu kilo na zaidi. Yale maji msimwage: pikieni uji, au nguruwe wapewe.

Sasa matunda, na hapa ndipo tulipoaibika. Mara ya kwanza tulikatakata nanasi bichi, tukachanganya mchana, tukafunika. Jioni tukafunua mbele ya wageni: jibini imelegea kama uji, na chungu! Mama mmoja akasema ndimu ilizidi. Sivyo. Nanasi bichi lina kitu ndani yake kinachovunja protini, na papai bichi vivyo hivyo. Si mnajua mapishi ya kupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike? Ni kazi ile ile, ila kwenye jibini hatuitaki. Dawa yake ni moto. Katakata nanasi, lichemshe na sukari kidogo mpaka maji yakauke, lipoe kabisa, ndipo uchanganye. Embe lililoiva halina shida hiyo, liponde tu. Pasheni pia ni nzuri, lakini tia wakati wa kula, kwa maana maji yake ni mengi.

Tunakula na viazi vitamu vya kuchemsha, au chapati zilizobaki. Nusu ya jibini tunaitia chumvi badala ya matunda, ndiyo ya kula na ugali na sukuma wiki. Wazee wengine wanasema maziwa na embe ni chakula cha watoto, basi hiyo yenye chumvi ni yao. Anayependa asali aongeze, ila mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Kuuza ni jambo lingine. Wanaotaka kuuza waende kwanza kwa Bodi ya Maziwa waulize habari ya leseni.

Na kile kitambaa: kila mara kifuliwe, kichemshwe, kianikwe juani. Kitambaa chenye harufu ya jana kitaharibu maziwa ya leo.