Ngozi Inayobeba Ndege

Nenda duka la vitambaa uombe mita tatu. Muuzaji atapima, atatia mkasi ukingoni kidogo tu, kisha atashika pande mbili na kuvuta. Kitambaa kitachanika moja kwa moja mpaka mwisho. Bila ule mkato, angevuta mpaka jasho limtoke. Nguvu iliyokuwa ikibebwa na nyuzi nyingi sasa inazielemea chache zilizo kwenye ncha ya mkato. Hizo zikikatika, mzigo unazihamia zinazofuata.

Ndege za mwanzo zilikuwa kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, na mzigo ulikuwa wa mbao. Katika ndege za abiria za aluminiamu, ngozi yenyewe inabeba. Bati hilo, ambalo sehemu nyingi ni jembamba kuliko sarafu mbili zilizobebana, limeshikwa kwa ribiti kwenye mbavu za mviringo zinazolinda umbo la mwili, na kwenye fito ndefu zinazolizuia lisijikunje. Ukilivua, kinachobaki hakina nguvu ya kuruka.

Bawa nalo ni kama sanduku refu: boriti mbele, boriti nyuma, bati juu na chini. Angani hupinda kwenda juu, bati la chini likivutwa na la juu likibanwa. Kuweka mafuta humo ndani ni busara kubwa, kwa kuwa uzito wake unalivuta bawa chini wakati hewa inalisukuma juu, na shina lake linapata nafuu.

Lakini mzigo unaonigusa zaidi ni hewa tunayovuta. Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, yenye usajili G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilikuwa safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti kubeba abiria. Comet iliweza kuruka karibu mita 12,000 juu, ambako hewa ni haba mno, kwa hiyo kabini ya abiria ilijazwa hewa kwa shinikizo. Hewa hiyo ilisukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa nguvu ya karibu tani 6. Kila safari mwili ulivimba kidogo. Kila ilipotua, ukasinyaa.

Tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyo hiyo iliyopita Entebbe ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 walikufa. Aprili 8, Comet nyingine ikaanguka baharini kusini mwa Naples na watu 21.

Huko Farnborough, Uingereza, wachunguzi waliuzamisha mwili wa Comet nzima kwenye tangi, wakajaza maji ndani na nje, wakawa wanapandisha na kushusha shinikizo huku jeki zikiyatikisa mabawa. Walichagua maji kwa sababu hayashindiliki kama hewa: ukuta ukipasuka hakuna mlipuko, na ufa unabaki ulipo ili usomwe. Baada ya mizunguko 3,057, ikiwemo 1,221 ya safari zake halisi, bati lilipasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa ukutani, mahali nguvu inapokusanyika kama kwenye ncha ya ule mkato wa kitambaa. Kwenye mabaki ya G-ALYP yaliyoopolewa baharini, ulianzia kwenye pembe ya tundu la antena, juu ya paa.

Wahandisi wa de Havilland, kampuni iliyounda Comet, hawakuwa wazembe. Kipande chao cha majaribio kilikuwa kimestahimili mizunguko zaidi ya 16,000. Ila kipande hicho kilikuwa kimetiwa kwanza shinikizo mara mbili ya kawaida, ili kupima uimara. Metali ya kwenye pembe ikanyooka kupita uwezo wake wa kurudi, na shinikizo liliposhuka, metali iliyoizunguka ikaibana. Mbano huo ulichelewesha ufa. Ndege zilizobeba watu hazikuwa na kinga hiyo.

Comet ikaundwa upya, bati likaongezwa unene na madirisha yakafanywa ya mviringo, yasiyo na pembe za kukusanya nguvu. Mwaka 1960 East African Airways, shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipokea Comet 4, na jeti zenye madirisha hayo zikaanza kuwapeleka abiria wetu London.