Mama, huku moto tunauotea mbali: makaa ya mawe kati ya Ileje na Helsinki

Nikipiga simu nyumbani Itumba, wilayani Ileje, Tanzania, mama haachi kuniuliza: "Mwanangu, na baridi hiyo, mnaota moto wapi?" Nyumba ninayokaa hapa Helsinki haina jiko la kuni. Chini ya dirisha kuna chuma kinachopitisha maji ya moto. Nikitoka kwenye theluji naanika glavu juu yake, na chai haijaisha zimeshakauka.

Joto la maji hayo linatoka kwenye mitambo ya mji kwa mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini. Bomba moja huleta maji ya moto, la pili hurudisha yaliyopoa yakapashwe upya. Kwa miongo mingi mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa Hanasaari, uliokuwa ukichoma makaa ya mawe kando ya bahari.

Kazi yake ni hivi: makaa huchemsha maji, mvuke huzungusha mapanga ya turbini, umeme unapatikana. Kwenye mtambo wa kawaida wa makaa, karibu theluthi mbili ya nguvu huishia kuwa joto linalotupwa mtoni au hewani. Mtambo wa aina ya Hanasaari hulikamata joto hilo na kulipeleka majumbani, hivyo zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya makaa hutumika.

Sisi wa Ileje makaa si mageni kwetu. Mgodi wa Kiwira ulianza mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Ulibinafsishwa, kisha ukarudi serikalini chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa, na mwaka 2017 uchimbaji ukaanza eneo la Kabulo. Mpango wa mtambo wa megawati 200 umezungumzwa miaka na miaka.

Helsinki wameyaacha makaa hasa ili kupunguza hewa ukaa. Hanasaari ilifungwa mwaka 2023, na mtambo mwingine, Salmisaari, ukaacha makaa mwaka 2025. Mabomba yamebaki, na leo yanabeba hata joto linalovunwa kwenye majitaka.

Kwa hiyo, ukija kujengwa mtambo kwetu, tuulize mapema: joto litakwenda wapi? Itumba haihitaji mabomba kila nyumba. Lakini chai ya jirani zetu wa Rungwe hukaushwa kwa moto, na moto huo unakula miti; joto la mtambo lingeweza kuchukua nafasi yake. Mama hamwagi maji ya moto yaliyobaki jikoni, huyaoshea vyombo. Mtambo nao ufanye hivyo.