Kengele Isiyo na Ulimi

Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, katika Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho kinachorushwa moja kwa moja kutoka New York, mwigizaji Christopher Walken, ambaye watazamaji wa sinema walizoea kumwona katika sura za watu wa kuogofya, alijitokeza kama prodyuza wa muziki aliyekuja kusimamia kurekodiwa kwa wimbo mmoja wa bendi ya Blue Öyster Cult. Na kabla wimbo haujafika mbali, wanabendi walikuwa wamekwisha kugawanyika makundi mawili. Upande mmoja walisimama wapiga magita na mpiga dramu, walioona kazi yao inaharibiwa. Upande wa pili alisimama mtu mmoja tu, mwenye ndevu na nywele tele, amevaa fulana iliyombana hata tumbo likabaki nje, mkononi ameshika kengele ya ng'ombe, naye akiigonga kwa mkwiro kwa nguvu zote alizojaliwa na Mola wake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kengele inahanikiza juu ya magita, mwimbaji anaukatiza wimbo, na kila mmoja anatazamia kwamba prodyuza atamkemea yule mgonga kengele. Kumbe prodyuza, kwa taadhima yote ya cheo chake, anatoka chumbani mwake na kutangaza kuwa kasoro aliyoisikia ni uchache wa kengele, na kwamba ameshikwa na homa ambayo dawa yake haipatikani penginepo ila katika kengele zaidi. Wenzake wanapomjia juu, mgonga kengele hajitetei kwa matusi wala kwa kiburi. Ananyenyekea kwanza, anajaribu kupiga kwa sauti ya chini, kisha anasema kwa moyo wa dhati kwamba, maadamu bingwa wa kazi hiyo ndiye aliyemwamuru, atakuwa ameidhulumu nafsi yake na bendi yake nzima endapo hataipiga kengele ile kwa uwezo wake wote. Watazamaji walicheka hata waigizaji wenyewe wakashindwa kujizuia, hasa Jimmy Fallon aliyekaa kwenye dramu, ambaye baadaye alieleza kuwa fulana ile ya usiku wa onyesho ilikuwa ndogo kuliko ya mazoezini. Nami nacheka kila nikiutazama mchezo huo, walakini ninaloliheshimu humo ni maneno yale ya yule mtu, kwa sababu hakuna fundi wa chombo kidogo, awe wa kayamba, wa njuga au wa upatu, asiyeyaelewa kwa ndani kabisa.

Mtu huyo, aliyepewa jina la Gene Frenkle, hakupata kuishi duniani. Alibuniwa na Will Ferrell, aliyemwigiza yeye mwenyewe na kuuandika mchezo pamoja na Donnell Campbell. Jina la prodyuza, Bruce Dickinson, lilikuwa la mtu wa kweli, lakini si la yule mwimbaji mashuhuri wa Iron Maiden kama wengi wanavyodhani, wala si la msimamizi wa wimbo wenyewe. Ni la mtumishi wa kampuni ya santuri aliyeshughulikia kutolewa upya kwa kazi za bendi hiyo miaka mingi baadaye. Ferrell amesimulia kwamba kila alipousikia wimbo ule redioni aliisikia kengele ikigonga mbali kwa nyuma, akawa anajiuliza yule aliyeipiga alikuwa nani na maisha yake yalikuwaje. Swali hilo, ambalo mamilioni ya wasikilizaji hawakulifikiria katika muda wa miaka 24, ndilo lililozaa mzaha mzima.

Wimbo wenyewe, "Don't Fear the Reaper", ulitungwa na mpiga gita Donald Roeser, ambaye jina lake la jukwaani ni Buck Dharma, ukatolewa mwaka 1976 katika albamu ya Agents of Fortune, nao ukapanda hata nafasi ya 12 katika orodha ya Billboard ya nyimbo zilizotamba Marekani. Maudhui yake ni mauti na mapenzi yasiyokatwa na mauti. Gita lake linazunguka polepole kama mtu anayetembea peke yake usiku, sauti za waimbaji ni za kunong'ona, na chini ya hayo yote kengele inagonga pigo kwa pigo bila kuongeza wala kupunguza. Anayeusikiliza wimbo baada ya kuutazama mchezo hupigwa na mshangao, maana kengele aliyoitazamia imhanikize ni ndogo mno, imetiwa mbali, imefifishwa makusudi, hata inambidi atege sikio aipate. Hapo ndipo ninapotofautiana na prodyuza wa mchezoni. Lau kengele ile ingeongezwa, wimbo ungeporomoka. Fahari yake imo katika kiasi chake, katika kule kukubali kuwa kitu cha mwisho kusikika ilhali mizani ya wimbo mzima imeegemea juu yake.

Chombo hiki ni bati nene la chuma lililokunjwa na kuungwa kwa kulehemu, wazi upande mmoja, na tofauti yake na kengele inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe ni kwamba ulimi wake umeondolewa, ili sauti itoke pale tu inapotakiwa na mkono wa mpigaji. Ukiigonga kwa ubavu wa mkwiro kwenye mdomo wake, hutoa sauti nzito iliyo wazi. Ukiigonga kwa ncha katikati ya mgongo, hutoa sauti kavu ya juu. Na wengi huizungushia utepe au kuikandamiza kwa kiganja ili mwangwi usirefuke. Haina noti bayana inayoweza kugombana na gita au piano, na papo hapo sauti yake ni kali kiasi cha kupenya katikati ya magita ya umeme yaliyofunguliwa hata mwisho. Kwa hiyo wapiga dramu wa roki waliifunga juu ya dramu kubwa ya miguuni wakaitumia pale walipotaka wimbo uende kwa mwendo wa hakika. Katika "Honky Tonk Women" ya Rolling Stones, mwaka 1969, ni prodyuza Jimmy Miller mwenyewe aliyeishika, na ndiyo inayofungua wimbo. Katika "Mississippi Queen" ya Mountain, mwaka uliofuata, Corky Laing aliigonga kuwahesabia wenzake waanze, nayo ikabakia humo hata leo. Na katika "Low Rider" ya War, mwaka 1975, haiwezekani hata kuufikiria wimbo bila ya kengele.

Roki haikuitoa kengele hii malishoni, bali iliipokea kutoka Cuba. Huko, katika muziki wa son, mpiga bongo huziweka chini ngoma zake wimbo unapofika mahali pa kupamba moto, akashika kengele. Na gwiji Arsenio Rodríguez, mpiga tres, gita la Kikuba, aliyekuwa kipofu, ndiye aliyeitia nguvu mpya bendi ya son kwa kuongeza tumba, piano na tarumbeta na kuipa kengele nafasi ya kudumu. Wacuba na Wapuerto Rico wakaipeleka New York, katika madansi ya mambo na baadaye ya salsa, na ilipokuwa taabu kuagiza vyombo kutoka Havana kwa sababu ya vikwazo vya biashara vya Marekani, Martin Cohen akaanza kuviunda huko huko New York, akaanzisha kampuni ya Latin Percussion mwaka 1964, ambayo kengele zake zimesambaa katika bendi za dunia nzima.

Na Cuba nayo iliipata wapi? Jibu linatupeleka bara letu, na hapa naomba msomaji asiniharakishe, kwa kuwa jambo hili hutajwa kwa neno moja na kupitwa, ilhali ndilo lenye uzito. Watu waliotekwa na kuvushwa bahari hawakuruhusiwa kubeba kitu, ila waliibeba elimu ya mapigo. Jumuiya ya Abakuá, iliyoanzishwa Regla karibu na Havana mwaka 1836 na watu wenye asili ya nchi za Mto Cross, baina ya Nigeria na Kameruni, mpaka leo hupiga kengele ya chuma iitwayo ekón. Wayoruba wana agogo. Waewe wa Ghana na Togo wana gankogui, kengele mbili zilizofuliwa pamoja, kubwa na ndogo, na mmishonari A. M. Jones, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini kabla ya kuandika juzuu zake mbili juu ya muziki wa Afrika mwaka 1959, alionyesha kwa uangalifu mkubwa jinsi kengele hiyo inavyoshika mapigo yake, mara nyingi 7 katika mzunguko wa sehemu 12, na kuyarudia bila kubadili tangu mwanzo hata mwisho, huku ngoma zote, wachezaji na waimbaji wakijipima kwayo. Ngoma kubwa ndiyo inayosema. Lakini ngoma kubwa ikipotea njia, kengele ndiyo inayoirudisha.

Fauka ya hayo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati na ya Magharibi kengele pacha za chuma zilikuwa alama ya enzi. Mwanahistoria Jan Vansina, katika makala aliyoichapisha mwaka 1969, alifuatilia kuenea kwake miongoni mwa wafalme na machifu, na kengele za chuma zimefukuliwa katika magofu ya Great Zimbabwe na katika makaburi ya Ingombe Ilede nchini Zambia. Chuma kile kile kilichowafanya Wamarekani washike mbavu kilitangulia mbele ya watawala. Na safari yake haikuishia Marekani, kwani katika miaka ya 1930 santuri za son ya Cuba zilianza kuuzwa Kongo, watu wa Léopoldville na Brazzaville wakatambua humo mapigo ya babu zao, wakazalisha rumba yao, nayo ikatufikia sisi, hata bendi ya Kikongo kama Orchestra Maquis ikahamia Dar es Salaam na kuwachezesha wenyeji miaka nenda miaka rudi.

Tuurudie ule mzaha. Umeenea kupita kiasi ambacho waliouandika wangeweza kukitarajia. Fulana zimechapwa, wasikilizaji katika tamasha za bendi yoyote ile hupaza sauti kutaka kengele, na timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays imeifanya kengele kuwa chombo cha kushangilia, kwa kuwa mmiliki wake wa wakati huo, Stuart Sternberg, aliupenda mchezo ule. (Wanafunzi wa chuo kikuu cha Mississippi State waliwatangulia kwa miaka mingi, wao walizigonga kwenye mpira wa Kimarekani kwa ukaidi hata shirikisho lao likazipiga marufuku mwaka 1974, kisha likazirudisha kwa masharti mwaka 2010.) Mwaka 2014 Ferrell alishindana hadharani kupiga dramu na Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers, ambaye anafanana naye ajabu, na shindano likaishia kwenye kengele na wimbo ule ule. Walken, kwa maelezo ya Ferrell, alimlalamikia kuwa amemharibia maisha, kwa sababu kila aendako watu humdai kengele.

Buck Dharma naye alisema kuwa ameufurahia mchezo, ila kwa muda uliuibia wimbo wake ile hofu uliyokuwa nayo. Namwonea huruma, kwa kuwa si jambo dogo mtu kutunga wimbo wa mauti ukaja kuchekwa. Lakini naamini aliyoyapoteza ameyapata kwingine. Kabla ya mwaka 2000 ni nani aliyeshughulika kujua mkono ulioigonga kengele ile? Leo mpiga dramu wa bendi, Albert Bouchard, husema ni yeye, na hueleza jinsi walivyoizungushia utepe ili sauti yake ilainike. David Lucas, mmoja wa maprodyuza wa albamu, husema la hasha, ni yeye aliyeipiga. Na hata leo hakuna kati yao aliye tayari kumwachia mwenziwe heshima hiyo.