Umekatisha Huduma, Lakini Deni Je?



Kuna swali ambalo vijana wa hapa Pwani huniuliza kila mara, na juzi nimelikuta linaulizwa vile vile kule Litein, kaunti ya Kericho, kwa watu ambao bahari wameiona kwenye kalenda tu. Swali ni hili: nikikatisha kitu ninacholipia kila mwezi, televisheni, intaneti, sola, bima, chama, jina langu litapelekwa CRB?

Nalijibu mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Kukatisha huduma peke yake hakukupeleki popote. Kinachokupeleka ni deni lililobaki nyuma ya ile huduma, na zaidi ya hapo, ni nani anayekudai. Wengi wetu tunaogopa mdai asiye na meno, halafu yule mwenye meno tunamsahau.

Kule kwenye majani chai nilikwenda kwa shemeji yangu, ana duka la nguo. Sisi Mombasa chai tunaijua mwisho wa safari yake, ikifika mnadani ikiwa kwenye magunia. Wenzetu wa Kericho na Bomet wanaijua kwa namna nyingine: chai ndiyo mshahara wao, na kwa sababu hiyo ndiyo dhamana ya mikopo yao. Mkulima mdogo anachuma, anapeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, yanapimwa, yanakwenda kiwandani. Viwanda vyao vingi, kama Litein, Momul, Tegat, Kapkoros na Mogogosiek, viko chini ya KTDA. Kila mwezi analipwa kiasi kwa kilo, halafu mwisho wa mwaka wa chai anangoja bonasi. Na bonasi ya upande wao wa magharibi ya Bonde la Ufa, miaka hii ya karibuni, imekuwa ikiwaudhi ikilinganishwa na ile ya wenzao wa Mlima Kenya.

Sasa jirani ya shemeji yangu, mama mwenye shamba la chai lisilofika hata ekari mbili, alitaka mkopo wa karo. Mwanawe alikuwa amepata nafasi chuoni na siku za kuripoti zinahesabika. Benki ikamkatalia, ikamwambia ana taarifa mbaya CRB. Mama akajua moja kwa moja ni ile sola. Alikuwa amechukua taa za sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, mtindo ulioenea Kenya tangu M-KOPA ilipoanza kuuza mwaka 2012, ingawa zake zilikuwa za kampuni nyingine ambayo siitaji. Akashindwa kulipa, taa zikazimika zenyewe, akawaambia waje wachukue vitu vyao, wakaja wakachukua. Tangu siku hiyo amekaa na wasiwasi moyoni.

Tukamsaidia kuitisha ripoti yake. Sola haikuwamo hata kwa herufi moja. Kilichokuwamo ni mkopo wa Sacco.

Hapa ndipo penye somo, tukae kidogo. Yule mama alikuwa akipokea malipo ya majani kupitia akaunti ya Sacco. Mkopo wake ulikuwa ukikatwa humo humo kabla yeye hajaona shilingi. Baadaye alichoshwa na kungoja mwisho wa mwezi, akaanza kuwauzia majani wanunuzi wa kando wanaolipa taslimu pale pale shambani. Wako wengi kule, na simlaumu mtu mwenye njaa ya leo akikataa kungoja kesho. Lakini majani yalipoacha kwenda kiwandani, pesa ziliacha kuingia kwenye akaunti, na makato yakakosa pa kukata. Yeye akaona makato yamekoma, akadhani amejitoa kwenye Sacco, mambo yameisha. Kumbe kilichokoma ni njia ya kulipia. Deni lilikuwa pale pale, likizaa riba, likihesabiwa siku tangu malipo ya mwisho.

Hali kama hiyo huwapata wafanyakazi wa mashamba makubwa. Wengi wao wako kwenye Sacco za kazini, na makato hutoka kwenye mshahara. Mei 2023 wakazi wa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa hasira ya kupoteza ajira, na hasira hiyo tuliiona sote kwenye televisheni. Ambacho hakikuonyeshwa ni kinachofuata kwa mtu anayeachishwa kazi akiwa na mkopo: mshahara unakatika, makato yanakatika, deni halikatiki. Baada ya miezi kadhaa Sacco inawageukia wadhamini, watu waliotia saini kwa hisani, na akiba zao zinaliwa. Ndugu zangu mlioko bandarini na mahotelini, msidhani haya ni ya watu wa chai. Utaratibu ni huo huo.

Kujitoa kwenye Sacco pia kuna taratibu zake. Nyingi hutaka notisi ya maandishi ya siku 60, na hurudishiwi akiba ikiwa una mkopo au umemdhamini mtu ambaye hajamaliza. Kuacha kuchangia tu, kimya kimya, si kujitoa.

Turudi kwenye CRB yenyewe, maana watu wanaitaja kama jini. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya Benki Kuu ya kuhifadhi taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hayakopeshi wala hayakatai mtu mkopo. Yanatunza daftari. Wanaoandika ndani ya daftari ni wakopeshaji: benki, benki ndogo za mikopo, Sacco, na wakopeshaji wa simu waliopewa leseni chini ya kanuni za 2022. HELB nayo hupeleka majina ya waliomaliza chuo wakasahau kulipa. Daftari hilo huandikwa mazuri pia, si mabaya peke yake. Kwa hivyo anayesema "mimi niko CRB" hajasema kitu bado, kwani mtu yeyote aliyewahi kukopa benki yumo. La kuuliza ni umeandikwaje.

Kampuni ya televisheni ya kulipia haimo katika kundi hilo kwa kawaida. Kifurushi unalipa kabla ya kutazama. Usipolipa, picha inakatika, nawe hudaiwi. Gazeti la mtandaoni ni hivyo hivyo, na vifurushi vya intaneti ya simu. Mtu aliyesoma habari za Marekani au Uingereza huenda akatishika, maana kule mtu huweza kuharibikiwa kwa bili ya simu ya mkataba iliyouzwa kwa wakusanya madeni. Hapa kwetu mdai ambaye si mkopeshaji anayesimamiwa hawezi kuamka tu akapeleka jina lako. Anahitaji idhini ya Benki Kuu, na Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea ruhusa hiyo wakopeshaji wa kidijitali waliokuwa hawasimamiwi, baada ya watu kuorodheshwa ovyo kwa visenti. Wakati huo huo ikaamua kwamba deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe.

Lakini msishangilie mapema. Ukiwa na mkataba wa intaneti ya nyumbani wa mwaka mzima, ukaukatisha mwezi wa nne, kampuni inaweza kukudai yaliyobaki mahakamani hata kama haikufikishi CRB. Na mambo ya kuuziwa vitu kwa mkopo, simu na sola na pikipiki, yanabadilika. Desemba 2024 sheria ilirekebishwa ili Benki Kuu iwasimamie wakopeshaji wengi zaidi wasiopokea amana. Kwa hivyo la yule mama na sola yake lisiwe hoja ya kuacha kulipa kesho. Soma karatasi yako, utazame pale penye maneno ya kukubali taarifa zako zipelekwe. Ukiona jina la benki limeandikwa kama ndiyo inayokukopesha, basi wewe hukununua simu kwa duka; umekopa benki, na simu ni kisingizio.

Kuna mlango mwingine wa nyuma ambao huku kwetu ndio mpana zaidi. Fuliza. Kijana analipia kifurushi cha mpira kwa M-Pesa, salio halitoshi, Fuliza inajazia. Mwezi ujao anakasirika, anakata televisheni, anasema hanidai mtu. Ni kweli kampuni ya televisheni haimdai. Ilishalipwa. Anayemdai sasa ni benki, kwa sababu Fuliza, tangu ilipoanzishwa Januari 2019, ni mkopo wa benki zinazoshirikiana na Safaricom. Ukiitupa laini ile na kununua nyingine, deni limeandikwa kwa nambari ya kitambulisho, halikuandikwa kwa laini. Kadi ya mkopo ni vivyo hivyo: kufuta huduma iliyokuwa ikikatwa kwenye kadi hakufuti salio la kadi.

Wako watakaosema, sisi tunakopa benki za Kiislamu, hatumo katika haya. Umo, ndugu yangu. Benki hizo zina leseni ya Benki Kuu kama wengine, na ukinunua gari kwa murabaha ukaacha kulipa, taarifa itakwenda. Kutokuwapo riba hakumaanishi kutokuwapo deni. Na sisi tusiwe wa kwanza kushangaa kuambiwa madeni huandikwa, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, inazungumzia kuandikiana deni.

Madhara ya kuandikwa vibaya ni yapi? Mkopo kukataliwa, kama ilivyomfika mama. Au unapewa kwa masharti magumu. Na kazi: vijana wanaoomba kazi serikalini hutakiwa kuleta cheti cha CRB pamoja na cha polisi, KRA, HELB na tume ya maadili. Nimewaona wenye vyeti vizuri vya masomo wakikwama kwa mkopo wa simu wa shilingi elfu mbili na kitu.

Jambo linalowashtua wengi ni kwamba ukishalipa, alama haifutiki siku hiyo. Ripoti itabadilika kuonyesha umelipa, lakini historia ya kwamba ulichelewa hubaki miaka mitano tangu siku ulipomaliza deni. Ndiyo maana kungoja "lijifie lenyewe" ni hesabu mbovu. Miaka hiyo mitano haianzi kuhesabiwa mpaka ulipe.

Nawe una haki zako, zimeandikwa kwenye kanuni za 2020. Mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Wengi hutuma ujumbe kwenye nambari ya zamani, kwa hivyo ukibadilisha simu, nenda uwaambie, hata kama unawadai wewe. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila shirika. Na cheti cha kwanza cha kuwa safi, tangu Aprili 2020, kimeamriwa kitolewe bure. Wako watu mitaani wanaochukua mia tano kumtolea mtu ripoti aliyostahiki kuipata bure. Waogopeni, hasa wale wanaosema wana mtu ndani anayefuta majina.

Kwa hivyo kabla hujakatisha chochote, uliza kiasi ulichobakisha, na jibu ulipate kwa maandishi. Ukirudisha kifaa, dai barua inayosema kimepokelewa na kwamba hudaiwi. Yule mama hana barua ya sola mpaka leo, na nimemwambia aifuatilie, maana waliochukua vitu vyake wanaweza siku moja kuja na daftari jingine. Ukilipa mkopo wote, usiondoke bila barua ya kumaliza. Ukihamisha mshahara au majani au biashara kutoka akaunti moja kwenda nyingine, tazama kwanza ni makato gani yaliyokuwa yakipita hapo.

Kwa mkopo wa Sacco, mama alikwenda kuzungumza nao. Hawakuwa wabaya, walishangaa kumuona, kwani wengi hukimbia. Wakampangia upya malipo, naye akarudisha sehemu ya majani kiwandani ili makato yaanze tena. Karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwa wajomba, kwa harambee.

Na ukikuta kwenye ripoti yako kitu usichokijua, usiende kugombana na karani wa benki. Liandikie shirika lililotoa ripoti, eleza kinachobishaniwa, ambatisha risiti. Likishindwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 21, linatakiwa kuifuta taarifa ile kama ulivyoomba. Weka nakala ya barua yako, yenye muhuri wa siku waliyoipokea, kwa sababu zile siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.