Mionzi haibebwi na maji: jani, tope na kitenzi 'kuoza'

Husikika watu wakisema, "Mionzi imeingia mtoni." Kauli hii inaeleweka, lakini inapotosha. Mionzi ni nishati inayotoka kwenye dutu fulani, jinsi mwanga unavyotoka kwenye koroboi. Mafuriko yakivamia nyumba kule Ahero, hayaondoki na mwanga. Yanaondoka na koroboi. Vivyo hivyo, kinachosafiri mtoni ni dutu nururifu, yaani dutu inayotoa mionzi. Sifa hiyo, '-nururifu', imetokana na 'nuru'.

Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Katika mipango ya kinu cha nyuklia cha Kenya kumetajwa Uyombo, Kilifi, na katika miaka ya karibuni Siaya, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Wananchi wakiitwa kutoa maoni, watauliza vipi ikiwa neno moja linabeba mambo mawili?

Hebu tutazame mfano halisi. Mnamo Machi 2011, ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, ilirusha hewani sesiamu-137. Upepo na mvua viliishusha juu ya misitu. Majani yakaipokea, yakapukutika, mengine yakaangukia vijito. Jani likilowa majini, sehemu ya sesiamu hutoka upesi, jinsi rangi inavyotoka kwenye majani ya chai. Ndiyo maana majani yaliyozama kijitoni aghalabu huwa na sesiamu kidogo kuliko yale yaliyotandaa chini ya miti. Wadudu wa majini hula majani hayo, nao samaki huwala wadudu. Sesiamu nyingine hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi. Mvua kubwa ikinyesha, tope huibeba hadi mabondeni.

Mto Nyando haujapatwa na ajali kama hiyo. Ila safari yenyewe mkaazi wa Ahero anaijua. Maji hushuka kutoka milima ya Nandi na majani na udongo, yakafurika uwanda wa Kano, yakatuama kwenye mashamba ya mpunga, kisha yakaishia Ghuba ya Winam yakiwa na rangi ya kahawia. Kwa hivyo, panapotokea uchafuzi wa aina hii, haitoshi kupima maji tu. Lazima tuulize pia tope limetulia wapi.

Hapa ndipo kitenzi 'kuoza' kinapotutega. Jani huoza kwa kazi ya kuvu, bakteria na wadudu, likaisha katika miezi au miaka michache. Tukisema sesiamu nayo 'inaoza', msikilizaji atadhani eti inaisha pamoja na jani. La hasha! Jani likioza, sesiamu hubaki, ikahamia udongoni, majini au kwenye mwili wa mdudu. Unururifu wake hupungua kwa utaratibu wake wenyewe: baada ya miaka 30 hivi hubaki nusu, baada ya 60 robo, baada ya 90 thumuni. Hakuna kuvu wala jua linaloweza kuharakisha jambo hilo.

Kwa maoni yangu, tuliachie jani kitenzi 'kuoza', na unururifu tuuambie 'unafifia'. Tuseme 'mionzi' tukimaanisha nishati, na 'dutu nururifu' tukimaanisha kitu chenyewe. Mkulima wa mpunga akiambiwa mionzi 'imeoza', atarudi shambani kabla ya wakati. Akiambiwa inafifia nusu kwa miaka 30, atajua kwamba suala hilo litawahusu hata wajukuu wake.