Siku ya Mvua Mjini Bergen

Wakazi wa Bergen, mji wa bandari ulio magharibi mwa Norwei, hawasubiri mvua ikatike ndipo watoke. Hunyesha huko zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Upepo wa bahari hukutana na milima inayouzunguka mji, hupanda, hupoa, kisha maji humwagika. Mvua yao ya mwaka mmoja ni karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo meli yetu ya watalii ilipofunga gati mwezi wa Septemba, hatukushangaa kukuta kila kitu kimelowa. Tulikuwa na saa saba tu kabla ya kuondoka. Abiria wengi walibaki melini wakinywa kahawa. Sisi akina mama wanne tulivaa makoti ya mvua, tukashuka.

Nyumba Zisizo na Moto

Mara tukafika Bryggen, safu ya nyumba za mbao kando ya bandari. Nyingi zilijengwa upya kwa mtindo wa kale baada ya moto mkubwa wa mwaka 1702, na mwaka 1979 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia.

Tangu karibu mwaka 1360 hadi 1754, wafanyabiashara Wajerumani wa umoja wa Hansa walikuwa na kituo hapa. Walileta nafaka, wakachukua samaki kutoka kaskazini, waliokaushwa kwa upepo kama ng'onda, ila bila chumvi. Wanaume hao hawakuruhusiwa kuoa. Waliishi pamoja na vijana waliokuja kujifunza biashara. Kwa kuogopa moto, taa na jiko vilikatazwa ndani ya nyumba hizo, hata wakati wa baridi kali. Walipikia na kuota moto katika majengo ya nyuma.

Mwenzetu mmoja, ambaye mwanawe yuko shule ya bweni, aliuliza, "Na mama zao je? Walipataje habari zao?"

Ujumbe Kutoka Nyumbani

Mvua ilipozidi tuliingia katika jumba la makumbusho lililo jirani. Humo tulielezwa kwamba Julai 1955 moto uliteketeza sehemu ya Bryggen. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba mahali hapo, walipata maandishi zaidi ya 600 ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini. Mengi yalichongwa kwa kisu juu ya vijiti. Watu wa kawaida waliandikiana habari za biashara, mapenzi na sala.

Kijiti kimoja, cha kale kuliko kituo cha Wajerumani, kina ujumbe mfupi: Gyda anasema urudi nyumbani. Wengi hudhani kwamba ni mke akimwita mumewe.

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ni familia ngapi za kwetu ambazo baba yuko mgodini au mjini, na mama anahesabu miezi? Simu tunazo mkononi, lakini mara nyingi tunaanza na lawama, na simu inakatwa. Katika maneno ya Gyda hakuna tusi wala orodha ya makosa.

Mpendwa msomaji, ikiwa una mtu wako aliye mbali, mpelekee neno leo. Liwe fupi, liwe la upole. La Gyda lilikaa ardhini zaidi ya miaka 700, na bado linasomeka.